Makosa Manne ya R na L

Buhongwa, Mwanza
Ijumaa, 23 Agosti 2024
Asubuhi: upepo kutoka ziwani, mawingu mepesi, mvua hakuna.

Mdogo wangu Luhende,

Usinicheke kwa kuanza na hali ya hewa. Daftari langu huanza hivyo tangu kidato cha kwanza, na mkono umeshazoea. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Tangu Jumatatu, nikiongea na mtu, nasikia kama kuna wa tatu anapumua. Labda ni mtandao mbovu. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonichosha.

Jumatatu hiyo alikuja mtu shuleni, ofisini kwangu. Nilidhani ni mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto. Akaketi, akaomba maji, akayanywa taratibu, ndipo akajitambulisha kuwa ni Afande Maige, anayeshughulikia makosa ya mtandao. Akauliza kama nina ndugu anayeitwa Luhende. Nikasema ni mdogo wangu, nimemlea mimi. Akauliza umri, nikasema ishirini na sita. Kazi, nikasema fundi kompyuta. Yuko wapi, nikasema yuko Kwimba anamuuguza mama. Uongo huo nimeshindwa kuuandika kwenye daftari. Nimeacha mstari mtupu.

Kisha akanisimulia yaliyotokea. Kwamba tarehe 16 mtu aliingia kwenye tovuti ya kiwanda cha minofu ya samaki ulikokuwa ukifanya kazi, akapitia humo hadi kwenye tovuti ya ofisi ya ukaguzi ambako kiwanda hupeleka ripoti zake, akabandika vipimo vya maji machafu yanayomwagwa ziwani. Juu ya vipimo akaweka tangazo. Habari za vipimo hakuniuliza hata moja. Aliuliza tangazo. Alilitoa mfukoni akalisoma mara mbili: “Kura ni haki yetu, na hatutakubali itiwe sumu.” Akasema watu wako kwenye foleni za kujiandikisha kupiga kura, na mtu anaandika hivyo kwenye ukurasa wa serikali.

“Hapa hatuzungumzii samaki, dada,” aliniambia.

Barua hii ipo ndani ya kadi ya mchango wa harusi ya rafiki yako Zadok na Suzana. Suzana yuko pale dirisha la vifurushi stendi ya Buzuruga, na kadi za kwenda Shirati kwa mama mkwe wake mtarajiwa zinapita mikononi mwake kila wiki. Hakuna atakayeshangaa. Sikumwambia kilichomo. Nawe ukijibu, tumia njia hiyohiyo, na usimtaje mtu kwa jina la ukoo.

Nijibu jambo moja tu. Ile karatasi ya semina ya vijana uliyoniletea tarehe 13 nikusahihishie, uliipeleka wapi?

Jana nililala saa sita.

Dada yako,
Paskazia


Shirati
Jumanne, 27 Agosti 2024

Dada Paskazia, shikamoo.

Balua yako nimeipata ndani ya kadi ya halusi. Mama Agutu aliigeuzageuza kadi akasema kamati ya mwanae imechachamaa, mama mzazi anaombwa mchango mala ya tatu. R na L zinanishinda, unajua. Kalamu yako nyekundu iweke chini, nisome moyo.

Nisamehe, haikuwa semina. Nilikudanganya ili usiwe na la kujibu ukiulizwa. Ukweli ni huu. Mkataba wangu uliisha tarehe 31 Julai, unakumbuka tulichinja kuku. Lakini neno la sili nililokuwa natumia kazini hawakulibadilisha. Niliingia nalo tena katikati ya Agosti, nikakuta vipimo vya aina mbili: visafi vilivyopelekwa ofisi ya ukaguzi, na vichafu ambavyo meneja amevificha. Watoto wa pale ufukweni wanahala na kutapika kila wiki, wewe mwenyewe ulishaandika kwenye daftari lako. Sikuiba kitu, sikuvunja kitu. Nilitumia ufunguo niliopewa.

Sasa hilo la kura. Dada, mimi niliandika KULA. Chakula. Kula ni haki yetu, na hatutakubali itiwe sumu, yaani samaki wetu. Nani angewaza uchaguzi? Karatasi nilimpa Zadok ikiwa imekunjwa vilevile ulivyoikunja wewe, sikuifungua. Mimi nilifungua mlango wa tovuti, yeye akachapa na kubandika, mimi nikapanda basi. Nilipoona tangazo kwenye simu ya mtu nilidhani macho yangu yana ukungu.

Wewe hukosei. Mimi sikuandika. Amebaki mmoja.

Na mimi ndiye ninayelala kitandani kwake, nakula sahani ya mama yake. Mama Agutu ananiita mwanangu. Zadok alinileta hapa mwenyewe, akasema kwetu hawatakutafuta. Sasa nawaza, alinificha au aliniweka mahali anapojua nilipo?

Mdogo wako,
L.


Buhongwa
Jumanne, 3 Septemba 2024
Asubuhi: ukungu hadi saa mbili, kisha jua kali.

Mdogo wangu,

Makosa ya barua yako nimeyaona yote na sikuyagusa.

Zadok amekamatwa Ijumaa. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu najua utasikia vingine. Afande Maige alituita watu saba, wale vijana sita wa kikundi chenu cha kulitetea ziwa na mimi, akatuketisha kwenye chumba chenye meza ndefu, akampa kila mtu karatasi na kalamu. Halafu akatusomea imla. Imla kabisa, kama darasa la nne, anatembea nyuma ya migongo yetu mikono kiunoni. Ilikuwa habari ya mkulima aliyekwenda kulala baada ya kurarua mkeka. Mmoja wa vijana alicheka, akaulizwa kama anaona hapo ni sinema.

Alikusanya karatasi akazisoma mbele yetu. Watano wamechanganya R na L kama tulivyozaliwa sisi Wasukuma. Waliopata zote ni wawili, Zadok na mimi. Kwangu alitabasamu tu, akasema mwalimu lazima apate zote. Nikamwambia mimi si mwalimu, ni karani. Kwa Zadok hakutabasamu. Alisema lile tangazo lina Kiswahili safi kuliko magazeti, na mtu mwenye Kiswahili safi namna ile akiandika kura, amekusudia kura. Ndugu wa hawa wanaosema “habali” angeweza kujitetea kwamba kalamu iliteleza. Mjaluo wa Shirati asiyechanganya herufi hizo atajiteteaje? Zadok aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa.

Jana nilikwenda Mirongo kwa wakili Evelina Chenge, yule tuliyesoma naye sekondari. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, na alinijibu kama mtu anayejua hakuna jirani. Kuhusu ufunguo wako alisema hivi: mwenye nyumba akikuajiri akakupa ufunguo, siku akikuaga ule ufunguo umekufa hata kama bado unafungua. Kuingia bila ruhusa ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kubaki ndani baada ya ruhusa kwisha ni kosa la peke yake. Kuchukua ulichokikuta na kukitandaza ni jingine tena, na aliyesaidia akijua anachosaidia yumo ndani ya hati ileile. Nikamwuliza, na kama vipimo ni vya kweli? Akasema ukweli wa vipimo utamfanya hakimu akuelewe, lakini hautakutoa mahakamani. Kisha akaongeza jingine. Hayo yote, alisema, ni mashitaka ya fundi aliyekasirika, na fundi aliyekasirika anaweza kutetewa. Neno kura ndilo limeligeuza kuwa jambo la watu wanaotaka kuvuruga uchaguzi. Kwa neno hilo Zadok amenyimwa dhamana.

Usiharakishe kumhukumu mtu. Hilo ndilo ninaloweza kusema kwa leo.

Tena, bahasha yako ilifika ukingo wake umebandikwa kwa gundi nyeupe. Ni gundi yako?

Jana nililala saa nane na nusu.

Paskazia


Shirati
Jumapili, 8 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Mimi gundi sina. Nilibandika kwa ugali wa Mama Agutu. Kwa hiyo kuna mtu anafungua, na kadi hazipiti kwa mtu mwingine ila Suzana. Sasa tumekamilika: mchumba amebadilisha neno, mchumba wake anasoma balua.

Unaniambia nisihukumu. Mbona wewe ghafla unamtetea Zadok? Balua yako nimeisoma mala tano. Kila nikifika pale pa neno lile, unaluka. Hujaandika hata mala moja kwamba unashangaa. Dada yangu anayehesabu hata siku ambazo jogoo wa jilani hakuwika, leo neno zima limebadilika na hashangai?

Juzi nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunaanika dagaa, nikamwambia Mama Agutu kwamba mwanae ndiye aliyetuponza, kwamba yeye alikuwa na siasa zake na alitumia jasho langu. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kuwatandaza dagaa, kidogokidogo, hadi mkeka ukajaa. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kile cha polepole: “Mwanangu akiwa mwongo namna hiyo, mbona bado unalala kitandani kwake?”

Jioni aliniletea chakula kama kawaida, ila hakuniita mwanangu. Ameniita mgeni.

Halusi ni tarehe 5 Oktoba. Anaishona suti ya Zadok kila siku jioni, akimaliza anaifumua pindo anaanza upya. Sijui anajua nini.

Niambie unachokijua.

L.


(Imeandikwa kwa penseli, nyuma ya ukurasa wa kalenda)

Mahabusu
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Dada Paskazia, shikamoo.

Hii itakufikia kwenye nguo chafu anazozichukua Suzana. Usiwe na wasiwasi na Suzana, anajua kunyamaza kuliko mimi.

Nimeona nikuandikie kwa sababu ile siku ya imla nilikuangalia na wewe ukaangalia dirisha. Nadhani uliogopa nitasema. Sitasema. Karatasi niliichapa kama ilivyo, herufi kwa herufi, na kalamu nyekundu niliiona. Niliisoma ile sentensi nikasimama. Nikajiuliza nimpigie Luhende, lakini tulishakubaliana simu zisitumike siku hiyo. Nikasema basi, kama dada ameamua tuseme kura, dada ana sababu. Sisi tulikuwa tunalia na samaki. Wewe uliona mbali zaidi. Kusema kweli nilijivunia. Nikawaza, huyu karani mpole kumbe ndiye mkali kuliko sisi sote.

Karatasi yenyewe nimeichoma, usiitafute. Wananiuliza nani aliandika. Nawaambia mimi. Lakini kila ninaposema mimi, wanauliza nilitumwa na chama gani, na hapo sina jibu, maana sikutumwa na mtu. Hilo ndilo linalonichelewesha.

Kama unaweza kunieleza sababu yako, nitafurahi kuijua, hata kama sitaitumia. Ni vizuri mtu ajue amefungwa kwa ajili ya nini.

Wako katika heshima,
Zadok


Buhongwa
Jumapili, 15 Septemba 2024
Asubuhi: sikuangalia.

Luhende, mdogo wangu,

Najua barua hii itasomwa na mtu kabla yako. Namsalimu. Aendelee kusoma, na yeye inamhusu.

Ni mimi.

Tarehe 13 Agosti uliniletea karatasi, ukasema ni tangazo la semina ya vijana parokiani, ukaenda kuoga. Nilikaa mezani na kalamu nyekundu kama ninavyokaa na matangazo ya shule. Umeandika “tumesubili”, nikaweka R. Umeandika “halufu mnaisikia nanyi”, nikaweka R. Mwishoni “tupeni habali za kweli”, R. Na katikati, “Kula ni haki yetu”. Nimekusahihisha tangu ukiwa darasa la pili, Luhende. Nimekupigia rula vidoleni kwa sababu ya herufi hiyo, Mungu anisamehe. Wiki hiyo redio, kanisani, kwenye kuta za kata, kila mahali ni kujiandikisha, kura, kura, kura. Nilipoiona L yako sikuona chakula. Niliona mtoto wa Kisukuma aliyeshindwa tena kutamka. Nikaikata, nikaweka R, nikafurahi. Sikukuuliza ulimaanisha nini. Nilikunja karatasi nikaiweka chini ya redio.

Siku Afande Maige aliposoma tangazo ofisini kwangu nilijua kabla hajafika nukta. Kwa hiyo barua yangu ya kwanza, pale nilipokuuliza karatasi iko wapi, sikuwa nakujali wewe. Nilikuwa natafuta mwandiko wangu. Ulisema mimi sikosei, nami nikaacha uamini, kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu jina lililobaki halikuwa langu. Zadok anadhani nilikusudia. Anadhani mimi ni shujaa. Amelala sakafuni wiki mbili kwa ajili ya ushujaa ambao ni kiherehere cha karani.

Jana nimerudi kwa wakili Evelina, safari hii bila jirani. Alinisikiliza akauliza kama nina ushahidi wowote zaidi ya mdomo wangu, maana dada anayekuja kusema ni kosa la herufi baada ya mwezi mzima hataaminiwa. Nikamwambia ninalo daftari. Ukurasa wa 212, tarehe 13 Agosti: “Nimemsahihishia L. tangazo la semina. Makosa manne ya R na L: tumesubili, halufu, kula, habali. Hataacha. Nimelala saa tatu.” Imeandikwa siku tatu kabla ya tangazo kubandikwa, na kurasa zangu zote nimezipa namba kwa mkono. Evelina alivua miwani. Alisema mstari huo unaweza kuliondoa neno kura kwenye kesi ya Zadok, kwa sababu hakuna anayepanga njama kisha akaiandika kama kosa la tahajia.

Ila daftari haliendi mahakamani kwa mstari mmoja. Likienda, linakwenda lote. Ukurasa wa 199, tarehe 31 Julai: “Mkataba wa L. kiwandani umeisha leo. Tumechinja kuku.” Ukurasa wa 214: “L. anasema neno lao la siri bado linafungua, anacheka.” Hapo ndipo ulipo wewe. Kinachomtoa Zadok kinakuingiza wewe, na tarehe nimeziweka mimi mwenyewe.

Nikamwuliza Evelina, kama ukurasa mmoja ukichanika? Akasema, “Paskazia, ukichana, hapo utakuwa na kosa lako mwenyewe, la kuharibu ushahidi. Na hilo hutalisingizia R wala L.”

Nakuuliza wewe kabla sijafanya lolote, kwa sababu mara ya mwisho sikukuuliza.

Sikulala.

Paskazia


Shirati
Jumatano, 18 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo siioni leo. Nitakuamkia siku nyingine.

Miaka yote nimeandika nikiwa na hofu ya kalamu yako. Nikiandika neno lenye R natetemeka, nikiandika lenye L natetemeka. Mala hii nililipata. Kula ina L, niliiweka L. Ndilo neno pekee kwenye karatasi ile nililoliweka sawasawa, na ndilo ulilolikata.

Usipeleke daftali. Nisikilize kwanza. Evelina ni wakili, kazi yake ni kusema. Zadok hana kitu kwao, watamchoka, watamwachia. Mimi wakinipata na tarehe zako sitoki. Mimi nilikuwa natafuta haki ya watu wasinywe uchafu, leo nifungwe kwa kuku tuliyemchinja? Chana 199 na 214, zitupe chooni. Sema panya. Huyo Afande hatahesabu kurasa.

Na kama unataka sana kumsaidia Zadok, mpelekee ile sentensi ya makosa manne peke yake, ikatwe kwa mkasi.

Nimeandika hayo juu asubuhi. Sasa ni jioni. Mama Agutu amemaliza suti. Ameitundika ukutani chumbani ninamolala, usawa wa macho. Nimekaa nayo tangu saa kumi. Inanitazama kama mtu.

Sijui nikuambie nini. Nilitaka kuichana balua hii lakini karatasi zimeisha.

L.


Buhongwa
Ijumaa, 27 Septemba 2024
Asubuhi: mawingu mazito upande wa ziwa, matone machache saa moja, kisha yakaacha. Ardhi inanukia.

Mdogo wangu Luhende,

Hii itakufikia huko mahabusu pamoja na nguo safi. Shati la bluu nimelipiga pasi, soksi ziko ndani ya kiatu. Safari hii hatuhitaji kadi.

Barua yako ya tarehe 18 ilinifikia Jumamosi, na Jumatatu nililipeleka daftari, lote, bila kuchana. Sikukungojea useme ndiyo, na najua nilisema nitauliza. Niliuliza, nikalisoma jibu lako la asubuhi na la jioni, nikaona yaliandikwa na watu wawili. Nilimfuata wa jioni. Kama nilikosea, hilo ni kosa la tano na ni langu.

Nilipitia Buzuruga kwanza. Suzana alikuwa dirishani anaandika kifurushi cha mtu. Nikamwonyesha daftari kwenye mfuko. Akaweka kalamu chini, akasema, “Dada, nilikuwa nasubiri.” Barua zote alikuwa akizisoma tangu ya kwanza ya kwako, iliyosema amebaki mmoja. Angeweza kuzipeleka kwa Afande wiki tatu zilizopita na mchumba wake akatoka. Nikamwuliza kwa nini hakufanya hivyo. Akasema Zadok alimkataza, na yeye mwenyewe alitaka kuona kama nitakwenda kwa miguu yangu. Akasema kadi za mchango alishaacha kuzigawa, zile zote zilikuwa za kwetu tu. Kisha akaniambia gundi nyeupe ni ya ofisini kwao, samahani.

Kwa Afande Maige nilikaa tangu saa nne hadi saa nane, Evelina pembeni yangu. Alisoma ukurasa wa 212 akarudia, akausoma tena kwa sauti, akafika kwenye yale maneno manne akayatamka moja moja. Hakucheka. Akaanza kuandika maelezo yangu kwa mkono. Alipomaliza akanipa nisome kabla ya kutia sahihi. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Katikati ameandika: “Nililikuta neno kura, nikalikata, nikaandika kura.”

Luhende, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Kalamu ilikuwa mezani. Nilishafika hapo kwenye herufi, nikaurudisha mkono nikaulaza kwenye paja.

“Afande,” nikamwambia, “samahani. Hapa ulimaanisha nini?”

Akasoma. Akasoma tena. Evelina akaanza kukohoa. Afande akaitazama ile sentensi kwa muda, mtu wa Misungwi yule, Msukuma kama sisi, kisha akanisukumia karatasi akasema, “Rekebisha wewe, mwalimu.” Nikasema hapana, andika mwenyewe afande, mimi nitasoma tu. Akakata, akaandika kula, akaweka sahihi pembeni ya masahihisho. Akaifunika kalamu. Akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, hayo maji ya kiwandani yanatoka saa ngapi. Ni mara ya kwanza tangu Agosti mtu wa ofisi yoyote kuniuliza habari ya maji. Nikamwambia ayatafute kwenye daftari, nimeandika kila siku niliyosikia harufu.

Zadok ametoka kwa dhamana jana. Shitaka la kubandika bado analo, lile la uchaguzi Evelina anasema halijafutwa ila limepoa. Amekonda. Nilimwambia kweli yote, kwamba sikuwa na sababu, kwamba sikuwa mkali, nilikuwa tu karani. Akasema basi afadhali, maana alikuwa anajiuliza atanieleza vipi kwa watoto wake. Harusi iko palepale. Mimi nimeandikishwa kama shahidi, na Evelina anasema bado wanaweza kunigeuza mshitakiwa, niwe tayari. Simu yangu wameichukua.

Sikuwepo ulipofika Jumatano. Evelina ndiye aliyenisimulia kwamba, kabla hajakupeleka kwa Afande, uliingia ofisini kwake umeshikwa mkono na Mama Agutu kama mtoto anayepelekwa kuanza shule, suti ya Zadok iko begani kwa mama, na kwamba mlangoni mama aliuliza, “Mwanangu huyu aketi wapi?” Nimelifurahia hilo neno kuliko yote.

Evelina hakuficha kitu. Kuingia uliingia, kubaki ulibaki, tarehe ninazo mimi, na utajibu kwa hayo. Lakini utajibu kwa uliyoyafanya, si kwa neno langu. Ukiandika maelezo, andika unavyoandika. Weka L pale unapotaka L. Atakayetaka kujua atakuuliza.

Daftari liko kwao, sina pa kuandika mwisho wa siku, na unajua huwa naujaza asubuhi yake. Kwa hiyo barua nimeiacha wazi hadi leo Jumamosi, Suzana anangoja mlangoni. Jana nililala saa mbili kasoro robo, nguo zako zikiwa kitini, taa sikuikumbuka.

Dada yako,
Paskazia